Maji taka ya kiwanda cha bia: maswali ya wanaoishi kando ya mto

Bia ni nafaka na maji tu. Maji taka yake yana ubaya gani?

Ubaya ni kwamba yameshiba mno. Lita moja ya bia mara nyingi hutumia lita 4 hadi 10 za maji, na mengi hutoka na sukari, kimea, hamira na bia iliyomwagika. Bakteria wa mtoni huyala mabaki hayo na kumaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Kipimo chake ni BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria hao wanahitaji. Ya kiwandani kabla ya kusafishwa huvuka kwa kawaida miligramu 1,000 kwa lita. Ya majumbani ni 200 hadi 400. Kenya na Tanzania zinataka yasizidi 30 yanapoingia mtoni. Hapo sijataja soda kali ya kuoshea matangi, inayounguza ngozi na macho.

Nikiyachemsha?

Usiyanywe. Moto huua vijidudu, hauondoi soda. Tena naitrojeni na fosforasi hulisha mwani, na aina fulani za mwani hutoa sumu ya ini isiyovunjwa kwa kuchemsha. Mwani wa namna hiyo huonekana Ziwa Victoria upande wa Kisumu. Ila rutuba ya ziwa hutoka pia mashambani na kwenye majitaka ya miji. Kuilaumu bia peke yake ni uonevu.

Kiwanda kifanye nini?

Kizuie uchafu kabla haujafika mfereji. Machicha na hamira iliyotumika ni chakula cha mifugo, na wafugaji hununua. Maji yanayobaki yatulie kwenye tangi ambamo soda na asidi za usafi hupozana, kisha yaingie kwenye mtambo uliofungwa usio na hewa. Aina maarufu ilibuniwa Uholanzi miaka ya 1970 na Gatze Lettinga: bakteria hula uchafu na kutoa gesi ya kuwashia boila. Mwisho yapigwe hewa. Kuyazimua kwa maji safi ili kipimo kishuke ni ujanja tu, maana uchafu unaofika mtoni ni uleule.

Na sisi wapika pombe ya kienyeji?

Machicha wapeni nguruwe au ng'ombe yakiwa mabichi. Yaliyoota ukungu msiwalishe, yanaweza kuwa na sumukuvu. Yafukieni kwenye shimo la mboji. Maji ya kusuuzia mapipa yamwagwe shambani, mbali na kisima.