Michoro ya mistari kutoka modeli za pande tatu: yanayodhaniwa na ukweli wake

Programu inapopewa modeli ya pande tatu, yaani umbo la kitu lililohifadhiwa ndani ya kompyuta, na kuagizwa itoe mchoro wa mistari mieusi juu ya karatasi nyeupe, bila rangi wala kivuli, wengi huona kwamba imepewa kazi nyepesi kuliko kutoa picha inayofanana na ya kamera. Dhana hiyo huzaa nyingine kadhaa. Kwa mfano itatosha modeli moja inayojulikana na kila aliye katika fani ya michoro ya kompyuta, yaani birika ambalo Martin Newell alilitengeneza mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

«Mistari imo tayari ndani ya modeli»

Kilichomo ni uso wa umbo, ambao kwa kawaida hugawanywa katika pembetatu nyingi ndogo zilizoungana. Kompyuta ikichora kingo zote za pembetatu hizo, utapata wavu, si mchoro. Mstari ambao mchoraji angeanza nao, ule unaozunguka tumbo la birika, yaani ukingo wa umbo, haupo popote mpaka ijulikane kamera, yaani jicho la kufikirika linalotazama umbo, imesimama wapi, kwa kuwa ni pale ambapo uso unaacha kuielekea kamera na kuanza kuipa mgongo. Kamera ikisogea kidogo, mstari nao huhamia sehemu nyingine ya tumbo. Ipo kweli mistari isiyotegemea kamera, kama vile ya mikunjo mikali, lakini nayo ina hila zake. Katika birika la Newell, mrija wa kumiminia na mkono vimepenyezwa tu ndani ya tumbo bila kuunganishwa nalo. Programu inayotafuta kingo zinazochangiwa na pembetatu mbili haitaona chochote pale mrija unapotokeza, na mistari ya pembeni ya mrija itakatika ghafla tumboni bila mstari wa kuifunga. Makutano ya nyuso hizo mbili ni lazima yakokotolewe peke yake.

«Ni picha ya kawaida iliyopitishwa kwenye kichujio»

Kichujio cha picha, yaani programu inayotafuta mahali rangi inapobadilika ghafla, hakiwezi kutofautisha ukingo wa birika na kivuli chake, wala na ua lililochorwa ubavuni mwake. Mwaka 1990 Takafumi Saito na Tokiichiro Takahashi walionyesha njia bora: badala ya rangi, kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, hutunza umbali wa uso kutoka kwenye kamera na mwelekeo wa uso huo, kisha mistari hutafutwa pale thamani hizo zinaporuka ghafla. Njia hii ni ya haraka, na kwa michezo ya kompyuta naiona inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba hutoa pikseli nyeusi tu, si mstari wenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni vigumu kuupa mstari huo unene unaopungua polepole kama wa brashi.

«Kuchora ukingo wa umbo ni tatizo lililokwisha zamani»

Dhana hii ina sura ya ukweli. Lawrence Roberts wa chuo cha MIT, Marekani, alishughulikia mistari iliyofichika nyuma ya nyuso tangu mwaka 1963, na mwaka 1967 Arthur Appel wa kampuni ya kompyuta ya IBM alipendekeza kuhesabu ni nyuso ngapi zinazosimama kati ya jicho na kila sehemu ya mstari: zikiwa sifuri, sehemu hiyo inaonekana. Idadi hiyo hubadilika mahali maalumu tu, kwa hiyo hapana haja ya kupima kila nukta. Wazo hilo lingali hai.

Shida huanza pale pembetatu zinapowakilisha uso laini. Ukingo unaopita juu ya pembetatu huenda kwa kupindapinda, hurudi nyuma ulikotoka, na vipande vyake huzibwa na pembetatu za jirani, hivi kwamba mstari uliopaswa kuwa mmoja hutoka umekatikakatika. Ukiulainisha, unaweza kuishia nyuma ya uso uleule ulikozaliwa na kuhesabiwa kuwa umefichika. Mwaka 2014 Pierre Bénard, Aaron Hertzmann na Michael Kass walitoa njia ya kuujenga upya wavu kulingana na mahali pa kamera, ili ukingo wake ulingane na ule wa uso laini. Miaka 47 baada ya Appel, hayo si marekebisho madogo.

«Kila mchoraji huchora apendavyo, kwa hiyo mashine haina kipimo»

Mwaka 2008 Forrester Cole na wenzake waliwapa wachoraji maumbo yaleyale wayachore, kisha wakalinganisha michoro hiyo. Asilimia 75 ya mistari ilikuwa ndani ya milimita 1 kutoka mstari wa mchoraji mwingine, hasa kwenye kingo. Sehemu kubwa ya mistari isiyokuwa kwenye kingo ilikaribiana na ile iliyotabiriwa na kanuni za kompyuta, ikiwemo ya Doug DeCarlo na wenzake ya mwaka 2003, ambayo huchora pia mahali ambapo pangekuwa ukingo kama kamera ingesogea kidogo. Asilimia 14 haikuelezwa vyema na kipimo chochote kilichojaribiwa, na nadhani humo ndimo hiari ya mchoraji ilimojificha.

«Akili mnemba imeyafuta haya yote»

Mfumo wa mwaka 2020 uliofundishwa kuchora mistari kutoka maumbo ya pande tatu, kazi ya Difan Liu na wenzake, bado huchagua kati ya mistari iliyokokotolewa kwa jiometria, ukichanganya na ile inayotafutwa kwenye picha za umbo hilo.