Kampuni ndogo za simu Kanda ya Kati: yanayosemwa na yalivyo

Leseni haimzuii mdogo. Tangu 2005 leseni za mawasiliano Tanzania hutolewa kwa ngazi nne za soko: kimataifa, taifa, mkoa na wilaya. Anayetaka kuhudumia mkoa mmoja tu ana mlango wa kuingilia. Shida huanza akitaka kutoka mjini kwenda vijijini, na sababu zinazotajwa mitaani mara nyingi sizo.

“Wakisimamisha mnara tu, mtandao umefika”

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa sababu wananchi wakiuona mnara hawajui wamdai nani nini.

Mnara ni chuma cha kubebea antena. Ili simu ya mtu wa Kibakwe, Mpwapwa, ipate intaneti, kwa kawaida antena ile huunganishwa na mkongo, yaani nyaya kuu zinazobeba intaneti, nao mkongo unafuata miji na barabara kuu. Kutoka hapo hadi kijijini hutumika maikrowevu: sahani mbili zinazotazamana bila kizuizi katikati. Tambarare za Bahi si tatizo kubwa. Mpwapwa na Kondoa kuna milima, na mlima mmoja unaweza kudai mnara wa ziada usiohudumia mteja hata mmoja, kazi yake kupokea mawimbi na kuyasukuma mbele. Kampuni kubwa huigawa gharama hiyo kwa mamilioni ya wateja wa nchi nzima. Ndogo inaigawa kwa wanunuzi wa bando wa vijiji vichache.

Halafu kuna umeme. Pasipofika gridi, au inapokatika mara kwa mara, mtambo huishi kwa sola, betri na jenereta. Dizeli husafirishwa kwa barabara ambazo kati ya Desemba na Aprili baadhi hazipitiki, na dizeli nyingine huibwa. Betri za asidi nazo zina adui wao, joto. Mafundi wanaijua kanuni hii: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi nyuzi 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Oktoba na Novemba Dodoma hupita nyuzi 30 kivulini, na ndani ya kabati la chuma lililopigwa na jua ni zaidi ya hapo. Betri iliyonunuliwa kwa hesabu ya miaka mingi inakufa mapema, na bajeti ya kijiji kinachofuata inakwenda kununua nyingine.

“Waongeze nguvu ya mnara, ufike mbali”

Mawasiliano ni ya pande mbili. Mnara unaweza kutoa wati nyingi, lakini simu ya 4G hutoa takribani wati 0.2 tu. Ikiwa mbali, inausikia mnara lakini yenyewe haisikiki. Ndiyo maana unaweza kuona netiweki kwenye kioo na ujumbe ukagoma kwenda.

Kinachosaidia ni masafa (mikondo ya mawimbi ya redio) ya chini, kama 700 hadi 900 MHz, ambayo mawimbi yake husafiri mbali. Masafa ya 2300 na 2600 MHz yanafaa mjini, kwenye watu wengi ndani ya eneo dogo. Oktoba 2022 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliponadi masafa, yakiwemo ya 700 MHz, walioyapata ni makampuni makubwa. Mdogo aliyebaki na masafa ya juu atahitaji minara mingi zaidi kwa eneo lilelile, na Chemba au Manyoni nyumba zimetawanyika.

“Vijijini serikali ndiyo inayolipa”

Ni kweli kwa sehemu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku, na Mei 2023 hapahapa Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Waliosaini ni Airtel, Halotel, Tigo, TTCL na Vodacom. Ruzuku inapunguza gharama ya kujenga, lakini kampuni lazima iwe na mtaji wa kutimiza mkataba na kuendesha mitambo baadaye. Kwa maoni yangu baadhi ya zabuni zingekatwa ziwe za kata chache chache, ili kampuni ya mkoa nayo iweze kuomba.

“Bei zikiwa nafuu, watu watahamia kwao”

Kuhama kumerahisishwa: tangu 2017 unabadili mtandao na namba yako unabaki nayo. Hata ada ambayo kampuni hulipana kwa simu za kwenda mtandao mwingine imeshuka, kutoka shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kikwazo kilichobaki ni simu yenyewe. Wanakijiji wengi wana kitochi cha 2G, na kampuni iliyoanza na 4G pekee haiwezi kuwahudumia hao hata ingegawa dakika bure. Pia mtu hahami kirahisi pesa yake, mawakala wake na ndugu wanaomtumia vikiwa mtandao wa zamani.

Njia ya mkato ya kukwepa kujenga minara ipo kiasi: kukodi nafasi kwenye mnara uliokwisha kusimama, kwa wenye minara kama Helios Towers. Kodi hiyo hulipwa kila mwezi, wateja wawepo au wasiwepo.