Ki-67 kwanza, dawa baadaye

Ripoti ya uvimbe wa nyuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) ikinifikia, natafuta mambo mawili kabla ya mengine: sura ya seli na namba ya Ki-67. Ikikosa mojawapo, nairudisha maabara.

Ki-67 ni asilimia ya seli zinazojiandaa kugawanyika. Kwa uvimbe wa utumbo na kongosho, chini ya 3% ni daraja la 1, 3 hadi 20% la 2, na zaidi ya 20% la 3. Kasheshe iko kwenye kuhesabu. Tafuta eneo lenye viini vingi vilivyoshika rangi ya kahawia, lipige picha, ichapishe, kisha hesabu angalau seli 500 huku ukiweka alama kwenye kila kiini ulichokwisha kukihesabu. Kukisia kwa jicho hakufai karibu na mpaka: viini 12 kati ya 500 ni 2.4%, viini 16 ni 3.2%, na mgonjwa amehama daraja kwa viini vinne tu. Limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) nazo hushika rangi; ukizijumlisha umepandisha namba bure. Tena sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe inaweza kukosa sehemu kali, kwa hiyo skani ikionyesha ugonjwa unakimbia kuliko namba inavyosema, kichukuliwe kipande kingine.

Hata juu ya 20% kazi haijaisha. Seli zikiwa bado zimekomaa, huo ni uvimbe wa daraja la 3. Zisipokomaa, ni kasinoma, na hiyo hupewa dawa za kemo: sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi. Kuchanganya hayo mawili ndiko kosa ninaloliogopa zaidi.

Kromogranini A, protini ya uvimbe huu inayopimwa kwenye damu, siiamini ikiwa peke yake. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, huipandisha, figo zilizochoka vilevile. Ikiwezekana, omeprazoli isimamishwe wiki mbili kabla ya kutoa damu.

Skani ya PET ya galiamu-68 ikionyesha vipokezi vya homoni ya somatostatini vimejaa kwenye uvimbe, mlango wa lutetiamu-177, dawa ya mionzi inayonasa kwenye vipokezi hivyo, uko wazi. Utafiti wa NETTER-1 (2017) uliithibitisha kwa uvimbe wa utumbo uliokuwa umeendelea kukua licha ya oktreotidi, dawa inayoiga somatostatini. NETTER-2 (2024) uliisogeza hadi tiba ya kwanza, kwa wenye Ki-67 ya 10 hadi 55%: muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 22.8, dhidi ya 8.5 kwa oktreotidi ya dozi kubwa.

Dozi ya lutetiamu ni gigabekereli (kipimo cha mionzi) 7.4 kila baada ya wiki 8, mara nne. Oktreotidi ya muda mrefu husimama wiki 4 kabla, la sivyo itakuwa imeshakalia vipokezi. Figo nazo zina shida yake: mirija yake huinyonya dawa upya na kuihifadhi pamoja na mionzi. Ndiyo maana hutundikwa dripu ya lisini gramu 25 na arjinini gramu 25, dakika 30 kabla, iendelee saa 3 au zaidi baada ya dozi, zishindanie njia ileile ya kunyonywa. Ukitumia dripu ya lishe yenye asidi amino za kila aina, mgonjwa anaweza kutapika mpaka dripu ikatizwe, na figo zibaki bila kinga.

Hesabu kamili ya damu hupimwa kabla ya kila dozi. Chembe sahani (zinazogandisha damu) zikishuka chini ya 75 × 10⁹ kwa lita, dozi inasubiri mpaka zipande.