Je, wajua kwa nini mchango wako wa simu unaweza kukwama kwa mhasibu?

Njaa ilipobisha hodi kaskazini mwa Kenya mwaka 2011, Msalaba Mwekundu wa Kenya, wakfu wa kampuni ya simu ya Safaricom na wa benki ya KCB pamoja na wamiliki wa vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na hata mwenye shilingi 10 alikaribishwa kutoa. Lengo likapitwa.

Mashirika makongwe yalizoea hundi chache za wafadhili wakubwa, kila moja na barua yake. M-Pesa huleta maelfu ya vijisenti visivyo na maelezo, ilhali sheria ya hesabu ni ileile: pesa iliyoombwa kwa ajili ya mafuriko haiendi kwenye karo za yatima, na mkaguzi ataulizia.

Jibu la mashirika mengi limefichwa kwenye hatua moja ya paybill, yaani njia ya kulipa kwa M-Pesa kupitia namba ya biashara. Ukishaweka namba ya biashara, unaombwa namba ya akaunti. Hapo shirika hukupa neno la kampeni, tuseme MAFURIKO. Lakini watu huandika majina yao, "sadaka", au "Mungu awabariki". Pesa inafika benki salama, lakini haina kampeni, kwa hiyo huwekwa kando hadi mwenyewe apatikane. Mfumo unaweza kupangwa ukatae neno usilolitambua, ila aliyekataliwa mara moja mara nyingi harudii. Afadhali kupokea yote na kuchambua baadaye, au kutenga paybill nzima kwa kampeni moja. Namba ya till, ile ya kulipia bidhaa dukani, haina nafasi ya akaunti kabisa. Inafaa pale penye lengo moja tu.

Majukwaa ya harambee kama M-Changa, lililoanza 2012, hurahisisha uchangishaji: ukurasa wa kampeni, orodha ya waliotoa, jumla inayoonekana. Yana makato, sawa, lakini kinachoyasumbua zaidi mashirika makubwa ni kumpoteza mchangiaji, anayeweza kubaki wa jukwaa badala ya shirika. Asiyejulikana kwa shirika hawezi kushukuriwa wala kuombwa tena mwakani. Ndiyo maana mengi hutumia jukwaa huku paybill yao ikibaki mbele kwenye mabango.

Ukikosea akaunti, usitume mara ya pili. Litumie shirika ujumbe wa M-Pesa ukiwa na msimbo wake wa herufi na tarakimu 10, na utaje kampeni. Kwa msimbo huo mhasibu huupata mchango na kuuhamishia panapostahili.