Saratani ya Hodgkin: picha ya PET baada ya kemo 2 inasema nini?

Kemo, yaani dawa za kuua saratani, nimeanza juzi tu. Picha itajuaje kama inanifaa?

Uvimbe wa Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, hula sukari kwa pupa. Kabla ya picha ya PET unadungwa mshipani sukari iliyofungwa florini-18, yenye mionzi kidogo, kisha unapumzika kama saa moja. Sehemu inayoifyonza sana hung'aa. Dawa ikikolea, ugonjwa huacha kula sukari mapema, hata kabla uvimbe haujanywea. Kwa hiyo mizunguko 2 ya kemo yatosha kumwonyesha daktari mwelekeo.

Lakini mtoki bado naushika shingoni!

Usikate tamaa kwa hilo. Hodgkin huacha makovu, na kovu hushikika kama uvimbe. CT skani peke yake hupima ukubwa, haijui kilicho hai na kilichokufa. PET hulinganisha mng'ao wa uvimbe na wa ini, kwa alama 1 hadi 5 zinazoitwa za Deauville, mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009. Alama 1 hadi 3 kwa kawaida ni habari njema. Ya 4 imezidi ini. Ya 5 imelizidi mno, au pametokea madoa mapya.

Picha ikiwa safi, nitapunguziwa dawa?

Huenda, na hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya kipimo hiki. Bleomaisini, mojawapo ya dawa nne za ABVD, mchanganyiko wa kemo wa kutibu Hodgkin, inaweza kuumiza mapafu. Utafiti wa RATHL, uliochapishwa 2016, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye Hodgkin iliyosambaa. Waliokuwa na picha safi baada ya mizunguko 2 waligawanywa: wengine wakaendelea na dawa zote, wengine wakaachishwa bleomaisini. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 85.7 na 84.4, karibu sawa kabisa, na mapafu ya walioachishwa yalisalimika zaidi.

Na ikiwa 4 au 5?

Daktari anaweza kuongeza nguvu ya dawa. Ila kwetu kuna jambo la kuangalia sana: kifua kikuu nacho hung'aa, na maambukizi mengine pia. Doa jipya lisilotarajiwa, hasa uvimbe mwingine ukiwa unapungua, uliza kama kitachukuliwa kipande kidogo cha nyama yake kikapimwe kabla ya kubadili tiba.

Nijiandae vipi?

Usile kwa saa 6 hivi. Maji matupu ruhusa. Usifanye kazi nzito siku moja kabla, kwa sababu misuli iliyochoka hufyonza sukari. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema. Usichelewe miadi: nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, dozi yako haiwekwi hadi kesho. Na ile picha ya kabla ya dawa nenda nayo, ndiyo watakayolinganishia.