Dhana Potofu Kuhusu Picha za Filamu, kwa Wanaoshuti Mtwara

Simu na kamera zilizopo Mtwara mjini leo zinatosha kabisa kutengeneza filamu nzuri. Kinachonisikitisha ni kuona kazi nyingi za vijana wetu zikiwa na picha za kuvutia ambazo haziijali hadithi. Mtazamaji anasema "picha kali", kisha hakumbuki mhusika alikuwa anataka nini. Chanzo ni dhana chache zinazorudiwa kila mahali.

Dhana: Filamu ya kisasa lazima ianze na droni

Ufukwe wa Shangani ukitazamwa kutoka juu unapendeza, hakuna anayebisha. Lakini chukua hadithi ya mama wa Newala anayesubiri malipo ya korosho. Mzigo umeshapimwa kwenye chama cha msingi, stakabadhi anayo, mnada umepita, pesa haijaingia na ada ya mtoto inadaiwa. Ukimpandisha mtazamaji angani, unamwonesha mikorosho ya kijani hadi upeo wa macho, neema tupu. Picha inasema kinyume cha anachopitia mama. Shuka chini, kaa usawa wa macho yake, migongo ya watu ikimziba asilione dirisha la karani. Hapo hata asiyejua bei ya korosho ataelewa.

Droni ina kazi yake. Kijana aliyepotea ndani ya mashamba hayohayo anaihitaji, kwa sababu udogo wake kati ya miti ndiyo hadithi yenyewe.

Dhana: Jua kali ndiyo taa bora, tena ya bure

Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba, korosho zikiwa zinaokotwa, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Kivuli cha paji la uso huangukia machoni, na machoni ndiko tunakosoma mtu anawaza nini. Mazungumzo ya karibu yashuti asubuhi au jioni, au msogeze mwigizaji kivulini mwa mwembe na kumrudishia mwanga kwa shuka jeupe. Pima mwanga usoni mwake, hasa kwa ngozi nyeusi. Anga likiungua kidogo, yaani likiwa jeupe kupita kiasi, liungue. Anayepima kwa anga anapata mawingu mazuri na mtu asiye na uso.

Ila kama tukio linahusu mtu anayechoshwa na kazi ya shamba, jua la saa sita ndilo sahihi, na macho yaliyozama gizani yanakuwa uamuzi wako. Jioni nayo ipangie mapema, maana huku giza halichelewi.

Dhana: Rangi na urembo vitamalizwa kwenye kuhariri

Rangi huanza na ukuta, nguo na vitu utakavyoviweka mbele ya kamera. Mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal alitoa filamu ya *La Noire de...* mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, bila rangi hata moja ya kutegemea. Msichana kutoka Dakar anawapa waajiri wake barakoa kama zawadi; baadaye anaikuta kwao Ufaransa, imetundikwa ukutani kama pambo. Kila tunapoiona, tunaona pia hali yake ndani ya nyumba ile. Sisi tuna barakoa za Kimakonde, zinazochezwa kwenye sherehe za jando na unyago, na bado tunazitundika nyuma ya mwigizaji ili fremu isiwe tupu. Kama mhusika hana uhusiano wowote na barakoa hiyo, iondoe. Kuta za mawe za Mikindani vilevile: zinafaa kama kuna mtu ambaye maisha yake yamefungwa humo.

Dhana: Bila kamera ya gharama hutapata sinema

Filamu ya *Tangerine* ya mwongozaji Mmarekani Sean Baker, ya mwaka 2015, ilishutiwa kwa iPhone 5s kwenye mitaa ya Los Angeles. Picha zake za haraka na zenye rangi kali zinaendana na wahusika wanaokimbizana mjini.

Dhana: Kamera ikitulia, filamu inapoa

Mwongozaji Yasujirō Ozu wa Japani alizoea kuiweka kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, na mara nyingi hakuisogeza. Familia ikizungumza mambo mazito mkekani, iweke kamera hapo hapo mkekani, na usiisogeze mpaka mmoja wao ainuke.