Dripu haiongezi maji ya bonde

Karibu kila kikao cha kupanga maji ya bonde nilichokaa, lazima atokee mtu aseme tuwawekee wakulima dripu, yaani umwagiliaji wa matone kwa mipira, halafu maji yatabaki, na hapo huwa naomba muda nichore hesabu ubaoni, maana mipango mingi inapotelea hapo hapo.

Chukua shamba la mfereji linalochepusha uniti 100 toka mtoni. Mazao yanakunywa 50, hizo zinapanda hewani kupitia majani na udongo, bonde haliwezi kuzitumia tena. Zile 50 zingine watu wanaziita hasara, lakini hebu jiulize zimeenda wapi? Kuna zilizozama zikajaza akwifa, yaani lile tabaka la mchanga au mwamba linalobeba maji chini ya ardhi, zingine zimerudi mtoni kwa mitaro, na kule chini kuna mtu anazivuta kwa pampu akijua ni maji yake. Sasa weka dripu. Shamba linachukua 70, mazao yanakunywa 60 kwa sababu yamestawi na mkulima ameongeza eneo kwa maji anayoamini ameyaokoa. Yanayorudi ni 10 tu. Kwenye banio, pale maji yanapochepushwa toka mtoni, zimebaki 30 zaidi, sawa, ila maji yanayorudi yamepungua 40. Bonde limepoteza 10 na ripoti inaandika tumeokoa 30.

Siipingi dripu, inaokoa mbolea na nguvu kazi na mavuno yanapanda, na kama maji yaliyokuwa yanazama yalikuwa yanaishia kwenye maji ya chumvi au baharini basi hapo kuna uokoaji wa kweli. Ninachosema ni kwamba ukiweka dripu bila kuweka kikomo cha hekta na cha maji yanayoliwa na mazao, umewanyang'anya watu wa chini bila kuwaambia.

Visima navyo ni vile vile. Theis, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi wa Marekani, aliandika mwaka 1940 kwamba maji unayopampu lazima yatoke mahali, ama akiba ya akwifa inashuka, ama unavuta maji mapya yaingie, ama unapunguza yaliyokuwa yanatoka kwenda kwenye chemchemi na mito. Shida ni ucheleweshaji. Kisima kilicho mbali na mto kinaweza kupampu miaka mingi kabla mto haujaonyesha kitu, na siku unapoonyesha, hata ukizima pampu leo upungufu unaendelea kwa muda, kwa hiyo ukisubiri mto ukauke ndio uanze kudhibiti visima umeshachelewa sana.

Australia waliliona hili kwenye bonde la Murray-Darling. Mwaka 1995 waliweka kikomo cha maji yanayochepushwa mtoni lakini maji ya chini ya ardhi yakaachwa nje, na watu wakahamia kwenye visima, na wewe ungehamia. Mpango wa bonde wa 2012 ndio ukaja na vikomo vya pande zote mbili.

Sasa bonde likigawanywa na mpaka inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mto kila mtu anauona ila akwifa hakuna anayeiona, kila upande unaamini mwenzake ndiye anayevuta sana. Mfano ninaoupenda ni akwifa ya Geneva, wanaotumia ni Uswisi na Ufaransa, na maji yake ni ya kunywa sio ya mashamba lakini somo ni lile lile. Walipampu mpaka kina kikashuka vibaya, wakasaini makubaliano 1978, visima vikawekewa mita za kupima maji yanayovutwa, na kuanzia 1980 wakawa wanaijaza akwifa kwa maji ya mto Arve. Mita ndio moyo wa kitu chote pale, bila mita mngebaki kutuhumiana tu.

Kwa hiyo ukinipa bonde leo kabla ya mradi wowote naanza na visima vya kupimia kina, vichache lakini pande zote za mpaka, visivyopampiwa, vinasomwa siku zile zile kwa utaratibu ule ule. Halafu picha za satelaiti kukadiria mazao yanakunywa milimita ngapi, milimita 1 kwenye hekta 1 ni lita 10,000, hiyo hesabu hata mkulima anaifuata bila shida. Vibali navyo viandikwe kwa maji yanayoliwa, sio ukubwa wa pampu, na kisima na mfereji wa shamba moja viwe kwenye kibali kimoja.